Mmenyuko wa rangi umegoma na maonyesho yako karibu: naomba ushauri

Mwalimu_Kisauni: Assalaam aleikum, wanajamvi. Nafundisha kemia sekondari, na nimewaahidi wanafunzi kwamba katika maonyesho ya sayansi tutaonyesha mmenyuko wa Belousov na Zhabotinsky, yaani bromati ya sodiamu, asidi ya maloniki, asidi ya salfuriki na feroini (kiashiria chenye rangi nyekundu), ambao ukimiminwa tabaka jembamba kwenye kisahani hutoa duara za buluu zinazotanuka ndani ya wekundu. Wangu hubaki mwekundu tu. Nifanyeje?

Binti_Tudor: Waaleikum salaam. Kwanza fungua madirisha, mwalimu, kwa sababu bromini hutoka humo na mvuke wake hauna masihara. Sisi tulikuwa tukikohoa maabarani hadi kengele ilie, kisha tunaambiwa tukanywe maziwa.

Mzee_Majengo: KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, haisubiri, nanyi mnawachezea watoto rangi.

Fundi_Maabara: Umechanganya kwa maji gani?

Mwalimu_Kisauni: Maji ni safi, tunayanywa. Mimi naishuku feroini.

Fundi_Maabara: Sikuuliza kama yananyweka. Yametoka wapi?

Mwalimu_Kisauni: Kisima cha shule. Yana chumvi kidogo, kama visima vingi vya huku, lakini siwezi kuyaacha, kwani bango limeshachapishwa likisema tunatumia maji ya hapa hapa.

Fundi_Maabara: Basi mchawi wako ni huyo. Chumvi ina kloraidi, na kloraidi huuchelewesha mmenyuko huu au kuuzima kabisa. Mmenyuko wenyewe huenda hivi: bromaidi iliyomo ikiwa nyingi, hatua ya kujichochea, yaani ile ambayo zao lake huiongezea kasi, hungoja. Ikishuka chini ya kiwango fulani, asidi ya bromasi hujizidisha ghafla na feroini hupoteza elektroni ikawa buluu. Kisha bromaidi huzalishwa upya kutokana na asidi ya maloniki iliyokwisha kushika bromini, na wekundu hurudi. Nunua maji ya betri kwenye kituo cha mafuta, na uangalie usipewe asidi ya betri.

Nahodha_Likoni: Mimi nina shaka na uzi huu. Kuni zikishaungua hazirudi kuwa kuni, sasa kemikali ziende na kurudi zenyewe? Huyu si mwalimu, ni mwanafunzi anayetaka kufanyiwa mradi.

Binti_Tudor: Shaka hiyo ilimponza Belousov mwenyewe, aliyeugundua mmenyuko huu. Wahariri walimkatalia miaka ya 1950, na taarifa yake fupi ikaja kutoka mwaka 1959 katika mkusanyiko wa tiba ya mionzi. Kinachorudi ni rangi tu. Bromati na asidi ya maloniki huliwa moja kwa moja, ndiyo sababu mwishowe kisahani hunyamaza.

Nahodha_Likoni: Basi atuwekee picha.

Mwalimu_Kisauni: Picha ya kisahani chekundu itathibitisha nini? Tena bango lenyewe limeandikwa “Ruwaza za Turing”.

Fundi_Maabara: Hapo napo pana kasoro. Ruwaza alizozieleza mwanahisabati Turing mwaka 1952 husimama mahali pamoja, kwa kuwa kizuizi (kemikali inayozuia mmenyuko) husambaa upesi kuliko kichochezi (inayouchochea), na zilipatikana maabarani huko Bordeaux mwaka 1990 kwa mmenyuko mwingine wa kloraiti, iodaidi na asidi ya maloniki ndani ya jeli. Yako ni mawimbi yanayosafiri.

Mwalimu_Kisauni: Bango limeshalipiwa, ndugu yangu. Maji ya betri nitanunua, lakini Turing habanduki.

Fundi_Maabara: Haya, ila vyombo navyo vioshe kwa maji hayo mapya.

Mzee_Majengo: Na KCSE je?