Hivi hawa wanaochora jiji la Dar, mama zao na wake zao wanapita wapi?

Wakuu salaam. Leo sina utani, na wale wa "wanawake mmeshaanza" mnaweza kupita uzi mwingine.

Kuna kituo cha daladala huku kwetu, Barabara ya Morogoro, kimemalizwa juzijuzi. Sikitaji jina. Paa la kisasa, paving zinang'aa, jiwe la ufunguzi lina majina ya waheshimiwa. Sasa ingia choo cha wanawake. Matundu mawili, sawa na waliyopewa wanaume, halafu wanaume wakaongezewa ukuta mzima wa kukojolea. Wao wanaingia na kutoka, sisi foleni inafika kwa muuza vocha, wajawazito humohumo, wenye watoto humohumo. Unalipa mia tatu yako, unaingia: mlango hauna komeo, hakuna hata msumari wa kutundika mkoba, sakafu imelowa chapachapa. Mkoba shingoni, pindo la dera kwenye meno, mkono mmoja umeshikilia mlango. Ukiwa kwenye siku zako ndiyo kabisa, hakuna ndoo ya kutupia na bomba linakohoa hewa. Aliyechora choo kile hajawahi kuvaa dera, na hakumuuliza anayevaa.

Kwenye mkutano wa mtaa niliuliza kuhusu hayo matundu. Jibu la msimamizi: "Mama, jinsia tumezingatia, si umeona vibao vya Me na Ke?" Watu wakacheka. Mkutano wenyewe uliitwa saa nne asubuhi siku ya kazi, mama lishe wote wako motoni, wauza mbogamboga wako sokoni. Waliojaa pale ni wazee wa kijiwe cha bao na vijana wa bodaboda. Ndiyo "maoni ya wananchi" hayo.

Na shida haiishii chooni. Wachoraji wa jiji hili wana mtu mmoja tu kichwani: anatoka Kimara asubuhi anakwenda Posta, jioni anarudi, mikono mitupu. Mama wa Mbezi siku yake haiendi hivyo. Anampeleka mtoto shule, anapitia kliniki na mdogo, anashuka Mabibo kuchukua ndizi, anafungua genge, jioni anapita kumwangalia mkwe anayeumwa. Safari fupifupi, kila kipande nauli mpya, kila kipande kuvuka barabara.

Kuvuka kwenyewe sasa. Unawekewa daraja la ngazi. Mtoto mgongoni, mwingine kakushika kanga, ndoo ya samaki wa Feri kichwani. Unaziangalia zile ngazi, unaiangalia barabara, unakatiza chini. Kesho yake kiongozi anahojiwa redioni anasema wananchi hatuna nidhamu. Haki lazima isemwe, mwendokasi ilipoanza 2016 jukwaa lilijengwa usawa wa mlango wa basi, huna haja ya kupanda ngazi na mtoto. Kumbe inawezekana mtu akikaa akafikiri! (Habari ya kugombania mlango saa kumi na mbili jioni inataka uzi wake.)

Taa nazo. Nguzo ndefu zinamulika lami, yaani zinamulikia magari ambayo tayari yana taa zake. Ukiiacha lami, kichochoro giza totoro, pembeni mtaro hauna mfuniko. Binti anayetoka kazini saa tatu usiku analipa bodaboda buku kwa umbali wa dakika tano kwa miguu. Kaka yake anatembea. Mshahara wao ni uleule.

Msiniambie haya ni mambo ya wazungu wenye hela. Vienna kule Austria walianza 1991 na maonyesho ya picha tu, yaliyofuatilia siku za wanawake wa kawaida mjini: wanapita wapi, wanabeba nini. Mmoja wa walioyaandaa, Eva Kail, ndiye baadaye akaongoza ofisi ya wanawake ya jiji. Wakachunguza bustani za umma, wakakuta wasichana wakishafika miaka tisa au kumi wanatoweka, wavulana wanabaki na uwanja. Hawakusema "wasichana hawapendi michezo". Mwaka 1999 wakaipanga upya bustani mojawapo, Einsiedlerpark, wakaweka voliboli, badminton, njia na mahali pa kukaa. Wasichana wakarudi. Wavu wa voliboli ni bei gani jamani? Huku kwetu uwanja wa wazi ni mpira wa vijana, ama kijiwe, ama umeshauzwa.

Sensa ya 2022 imetuhesabu milioni 61.7, wanawake asilimia 51. Rais mwanamke tunaye tangu 2021. Bado kwenye andiko la mradi tunawekwa ukurasa wa mwisho, chini ya "masuala mtambuka", tumebanwa pamoja na mazingira na Ukimwi. Mtambuka gani asilimia 51?

Wahandisi na watu wa mipango miji, humu najua mmo. Nataka majibu, sitaki "tutalifanyia kazi". Idadi ya matundu mnaikokotoa kwa kipimo gani? Mchoro unapita mikononi mwa nani hadi usainiwe bila mtu kuuliza mkoba utatundikwa wapi? Na kituo kinachofuata kinachojengwa huku njia yetu, mchoro wake uko wapi tuuone kabla zege halijamwagwa?