Niliuziwa jiko la gesi ya bomba nikalifunga kwenye mtungi, na fundi wa duka akaficha kosa kwa kung'oa kinga ya oveni: wenye majiko ya mtumba Mtwara na Lindi, tazameni nyuma ya majiko yenu

Wanajamvi, heshima kwenu.

Naandika nikiwa na hasira, lakini nimejizuia kwa siku nne ili niseme yale tu ninayoweza kuyathibitisha kwa risiti, kwa picha, na kwa vyuma vidogo vilivyomo kwenye mfuko wa nailoni hapa mezani kwangu. Duka moja la Mtwara mjini liliniuzia jiko lililotengenezwa kwa ajili ya gesi asilia ya bomba, likijua kabisa kwamba mimi napikia gesi ya mtungi. Na kosa lilipoanza kujitokeza, fundi wa duka hilo hakulirekebisha bali alilifunika kwa kuondoa kifaa cha usalama cha oveni bila kumwambia mtu yeyote nyumbani kwangu. Duka silitaji jina, kwa kuwa bado nadai haki yangu kwao. Ila wapo wengine walionunua majiko ya mzigo uleule, na hao hawawezi kusubiri shauri langu liishe.

Jiko tulilinunua mwezi wa Machi, mtumba wa Ulaya, pleti nne na oveni chini, kwa shilingi 520,000. Tulilitaka kwa sababu ya mama mkwe wangu, ambaye kwa miaka mingi ameoka mikate ya kumimina na skonzi kwa mkaa, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na kifua chake hakiuwezi tena moshi. Muuzaji alituambia kwa kinywa chake kwamba jiko limeshafanyiwa sevisi na kwamba kazi iliyobaki ni kuchomeka mpira tu. Nilimuuliza mara mbili kama linafaa kwa mtungi. Alijibu, "Mwalimu, gesi ni gesi tu." Maneno hayo nayakumbuka vizuri kwa sababu nilikuja kuyasikia tena.

Tangu siku ya kwanza moto ulikuwa wa njano, mrefu, wenye ndimi zilizopanda ubavuni mwa sufuria hadi kwenye masikio yake. Sufuria ya wali wa nazi ilitoka nyeusi kama iliyopikiwa kwenye mafiga kwa kuni. Mtungi wa kilo 15, ambao kwenye jiko letu la zamani la pleti mbili ulikuwa ukitufikisha karibu wiki saba, ulikwisha siku ya kumi na tisa. Mama mkwe akawa anaumwa kichwa kila anapooka na madirisha yakiwa yamefungwa, nasi tukadhani ni joto la oveni. Sasa najua kwamba moto wa njano unaotoa masizi ni moto usioungua sawasawa, na kwamba moto wa namna hiyo hutoa kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu ambayo haina rangi wala harufu. Mama mzima wa miaka sitini na nane alikuwa akiivuta hewa hiyo jikoni kwangu, huku fundi akitwambia tubadilishe wauza gesi.

Huyo fundi alikuja mara tatu, na kila safari alilipwa shilingi 25,000. Safari ya kwanza alisema gesi ya mtungi ule ni mbovu. Safari ya pili alisema nozeli, yaani vile vyuma vidogo vyenye tundu la kupitishia gesi kwenye pleti, zimeziba, akachukua waya wa chuma na kuzichokonoa moja baada ya nyingine kwa nguvu zake zote, na moto ulipowashwa ulikuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa mwanzo. Safari ya tatu tulimwita kwa sababu oveni ilikuwa haikai: ukibonyeza kitufe inawaka, ukikiachia inazima. Alifanya kazi kwa robo saa akiwa ametugeuzia mgongo, akasimama, akawasha oveni, ikakaa. Kisha akapitisha kiberiti kilichowaka kando ya mpira wa gesi, akasema hakuna panapovuja. Watoto wangu walikuwa wamesimama hatua mbili kutoka pale. Mtu anayetafuta uvujaji wa gesi kwa njiti ya kiberiti asiruhusiwe kushika spana ndani ya nyumba ya mtu.

Wiki mbili baadaye, jioni ya kusi kali, mama mkwe aliingiza trei ya skonzi na mlango wa oveni ukamponyoka ukajibamiza. Bila yeye kujua, upepo wa mlango ule uliuzima moto ndani. Alitoka uani kwenda kutawadha. Mimi nilikuwa chumbani nasahihisha madaftari, na niliposikia harufu nilifikiri ni ya mtaani, mpaka mama mkwe alipoita kutoka mlango wa nyuma: "Mwanangu, gesi hiyo! Gesi!" Nilipofika koridoni nilimkuta kijana wangu wa darasa la tano ameshainua mkono kuelekea swichi ya taa, kwa sababu giza lilikuwa limeanza kuingia. Nilimshika kifundo cha mkono. Sikumbuki nilisema nini. Nilimsukuma nje, nikabana pumzi, nikaingia na kufunga koki ya mtungi, nikafungua mlango wa nyuma na wa mbele, na tukakaa uani karibu saa nzima bila kugusa swichi yoyote. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Haipandi ikatokea dirishani, bali hulala sakafuni na kutambaa hadi kwenye pembe za chumba, na ikifika sehemu 2 tu katika kila 100 za hewa, cheche ya swichi inatosha kuiwasha.

Kesho yake jirani alituletea mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye jiko la hoteli huko Dar es Salaam. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaomba vitu viwili kabla ya kugusa chochote: kikombe cha maji ya sabuni na tochi. Alilisogeza jiko kutoka ukutani, akamulika nyuma, akaniambia, "Mwanangu, soma hapa." Palikuwa na lebo ya rangi ya fedha iliyofifia, na juu yake imeandikwa G20, 20 mbar. G20 ni gesi asilia, na 20 ni msukumo wake kwa milibari. Jiko la gesi ya mtungi huandikwa G30 au G31, na regulata zetu za nyumbani hutoa msukumo wa kiasi cha milibari 30. Lebo hiyo ilikuwepo siku tuliponunua. Muuzaji alikuwa nayo dukani kwake, na mtu aliyedai kulifanyia jiko sevisi alilazimika kuiona.

Kisha alinyanyua vifuniko vya pleti, akatoa nozeli kwa spana ndefu ya bomba, akaziweka kiganjani mwangu. Ni vipande vya shaba nyeupe vidogo kama kichwa cha msumari mnene, vyenye tundu katikati na namba iliyogongwa pembeni: 115 kwenye pleti kubwa, 97 kwenye zile mbili za kati, 72 kwenye ndogo. Namba hizo ni upana wa tundu kwa mia za milimita. Kwa gesi ya mtungi, pleti za ukubwa huohuo zilitakiwa ziwe na 85, 65 na 50. Gesi ya mtungi kwa ujazo uleule hutoa joto zaidi ya mara mbili ya gesi asilia, kwa hiyo tundu lake lazima liwe dogo. Ukiipitisha kwenye tundu la gesi asilia, tena kwa msukumo mkubwa zaidi, hewa inayoingia pembeni haitoshi kuiunguza, na hapo ndipo njano na masizi vinapotoka. Nozeli moja ya 97 ilikuwa na mikwaruzo ndani na tundu lake limekuwa kama yai. Ule ulikuwa waya wa fundi. Nozeli huoshwa kwa maji ya moto yenye sabuni na kupulizwa, au kupitishwa unyuzi laini usiokwaruza shaba. Ikishatanuka haina dawa, hutupwa.

Kilichonitoa machozi kilikuwa kwenye oveni. Ndani ya moto wa oveni hukaa kijiti kiitwacho themokapo. Kikipata joto hutoa umeme kidogo mno, sehemu ndogo sana ya volti moja, ambao unatosha tu kushikilia sumaku ndogo kwenye koki ili njia ya gesi ibaki wazi. Moto ukizima, kijiti kinapoa, sumaku inaachia, springi inafunga njia. Ndiyo maana unapowasha hubidi ubonyeze kwa sekunde kadhaa. Oveni yangu ilikuwa haikai kwa sababu kijiti hicho kilikuwa kimefunikwa na masizi yaliyotokana na kosa lilelile la nozeli. Tiba ilikuwa kukisugua kwa msasa laini na kukaza nati yake, kazi ya dakika tano. Fundi wa duka alifungua koki, akang'oa kisahani cha mpira na springi yake, akarudisha kifuniko kama kilivyokuwa. Mzee alikifungua mbele yangu: palikuwa patupu. Kuanzia siku ile gesi ya oveni haikuwa na kitu cha kuizuia, na fundi alichukua pesa akaaga kwa heshima zote.

Maji ya sabuni nayo yalionyesha mapovu mahali mpira unapoingia kwenye jiko, kwa sababu ulifungwa kwa waya wa kufungia nondo badala ya klipu. Mpira wenyewe ulikuwa na tarehe ya kutengenezwa iliyopita miaka tisa. Kwa hewa yetu ya chumvi, hapa na kule Mikindani na Lindi, klipu zinakula kutu na mipira inapasuka mapema. Mzee alisema mpira usipitishe miaka mitano hata kama kwa macho unaonekana mzima, na kila unapobadilisha mtungi upake sabuni kwenye regulata na uikague raba ya kwenye mdomo wa mtungi, ambayo mara nyingi hurudi imechanika.

Nilikwenda dukani na mfuko wangu wa nozeli. Muuzaji alisema tena kwamba gesi ni gesi tu, na akaongeza kwamba Mtwara ndiko inakotoka gesi, kwa hiyo jiko la gesi asilia linafaa Mtwara. Kauli hiyo imeniudhi kuliko hasara yenyewe. Gesi ya Mnazi Bay kule Msimbati, kama ile ya Songo Songo kule Kilwa, kwa sehemu kubwa ni methani, na kutoka mtambo wa kuisafisha wa Madimba inasafiri kwa bomba lililozinduliwa mwaka 2015 kwenda Dar es Salaam. Zipo nyumba hapa zilizounganishwa na gesi asilia, na kwao jiko langu lingefaa bila kubadilishwa. Sisi wengi tunapikia mtungi wenye propani na butani zilizoletwa nchini kwa meli. Mtu anayeuza majiko katika mji huu na asiyejua tofauti hiyo hana udhuru, na anayeijua akanyamaza ni mbaya zaidi. Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na naliunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa nimeona mkaa ulivyomfanya mama mkwe wangu. Lakini hawa wanaoacha mkaa leo ndio watakaouziwa majiko haya, na hawajui kusoma lebo.

Nozeli sahihi zililetwa kwa basi kutoka Dar es Salaam pamoja na koki na themokapo mpya. Mzee alizifunga, akakaza hadi mwisho zile skrubu ndogo zinazopima moto mdogo, akabadilisha mpira na klipu. Jumla imenigharimu shilingi 148,000. Moto sasa ni wa buluu, mfupi, umetulia, na sufuria zinatoka safi. Dukani nimepeleka barua nikidai 148,000 hizo na 75,000 nilizomlipa fundi wao, jumla 223,000, na nimewapa mpaka Ijumaa ijayo. Wasipolipa, barua hiyo na picha zote nazipeleka Tume ya Ushindani, yenye jukumu la kumlinda mlaji.

Ninachoomba kwenu ni hiki. Kama ulinunua jiko la mtumba la pleti nne Mtwara au Lindi tangu mwanzoni mwa mwaka huu, funga mtungi, lisogeze, mulika lebo ya nyuma. Kisha fungua mtungi, washa oveni, iache dakika tano ipate moto, funga koki ya mtungi moto uzime wenyewe, na usikilize: ndani ya dakika moja hivi unatakiwa usikie mlio mdogo wa "tak" wa sumaku ikiachia. Usipousikia, rudisha kitufe cha oveni kwenye sifuri, usiiwashe tena, na umtafute fundi atakayekufungulia koki mbele ya macho yako. Andika hapa chini namba uliyoiona kwenye lebo na mwezi ulionunua. Wakipatikana hata watatu, barua tutaipeleka pamoja.