Eti "bibi, vidole umeviacha wapi?" Huyu jamaa wa dirisha la bima alizaliwa na mama kweli?

Kibuyu Kikavu (mleta uzi):
Wakuu, naandika nikiwa bado kwenye benchi la dharura, chaji inakata na mikono inatetemeka kwa hasira. Wasimamizi msiuhamishie huu uzi jukwaa la vichekesho, nawajua.

Ni yule jamaa wa dirisha la bima, zamu ya usiku. Mnaotibiwa pale mnamjua, simtaji. Yule wa miwani kichwani, mpaka leo sijui inasomea nywele au nini. Vidude masikioni, chapati mkononi, mgonjwa anamwona akishamaliza kutafuna.

Bi mkubwa kifua kimembana tangu magharibi, presha juu, anahema kwa shida. Nimemtoa Mbagala kwa bajaji. Getini mlinzi ananiuliza, "Mgonjwa anatembea?" Angekuwa anatembea ningemleta dharura saa hizi kutalii? Machela hakuna. Kiti cha magurudumu kipo, ila tairi moja limesusa, ukikisukuma kwenda dharura chenyewe kinakata kona kuelekea mochwari.

Hayo nimesamehe. Twende dirishani.

Kuna kile kimashine cha alama za vidole cha kuhakiki wenye bima. Bi mkubwa akaweka gumba, wapi. Cha shahada, wapi. Mkono wa kushoto, wapi. Wakuu, mama yangu kazaliwa kabla ya Uhuru. Kalima mihogo, kakuna nazi, kasuka ukili, kafua nguo za ukoo mzima. Hizo alama zingebaki saa ngapi? Basi jamaa akachomoa kidude cha sikio moja, MOJA, akamtazama mama yangu pale kitini, akasema ukumbi mzima ukasikia: "Bibi, vidole umeviacha wapi?"

UMEVIACHA WAPI!

Watu wakacheka. Kuna mmoja kaanguka na bodaboda, mguu kaufunga kwa shati lake mwenyewe, naye kacheka.

Halafu bi mkubwa akamwambia, "Samahani mwanangu," akafuta vidole kwenye khanga, akaweka tena. Mtu hapati pumzi, anaiomba radhi mashine!

Namba ya NIDA nimetoa. Kadi ina picha yake. Sura yenyewe hiyo hapo imekaa mbele yake. Ananijibu, "Mfumo haujamtambua." Juu ya kichwa chake kuna bango MZEE KWANZA. Kwanza ya wapi? Tumepitwa na mtoto aliyemeza kifungo, sawa, mtoto. Tumepitwa na mlevi. Tumepitwa na waliomleta mlevi.

Alipotokea daktari, kijana tu, kampima presha kabla hata ya kuuliza jina, akafoka kidogo, kazi ikaanza. Sasa hivi bi mkubwa ana dripu, kalala. Mimi ndiye nimeshindwa kulala. Umeviacha wapi! Angeviacha wapi, kwenye daladala?

Funguo za Kale:
Pole mkuu. Nimecheka, ila pole. Huyo jamaa mimi aliniambia nikamlete marehemu aje aweke kidole.

Shangazi Mkali:
Na wewe dume zima umesimama unasikiliza mama yako anachambwa? Ungemwambia vidole vyake umekuja navyo wewe, na vyote vitano vinataka kukaa shavuni kwake.

Kibuyu Kikavu:
Shangazi, mtu mwenye muhuri wa kumpitisha mgonjwa wako humjibu. Ukimjibu, mfumo unalala mpaka asubuhi. Ila ningekuwa peke yangu! Umeviacha wapi, jamani, kwa mama wa watu!

Mjuzi wa Vifungu:
Mleta uzi huna hoja, una hasira tu. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wana msamaha kwenye vituo vya umma. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote nayo Bunge lilishaipitisha 2023. Ungekwenda dawati la ustawi wa jamii, yameisha.

Funguo za Kale:
Ustawi wa jamii usiku wa manane? Mkuu, wewe unatibiwa nchi gani?

Chapa Kazi:
Uzi bila picha ni umbea. Tupia picha ya kimashine.

Mkenya Halisi:
Nyinyi mnalia na kidole, njooni huku kwetu. Bima ya afya ya Kenya, NHIF, iliondoka, SHA ikaingia Oktoba 2024. Nikampeleka mzee wangu hospitali, tumekaa naambiwa "sistimu iko chini". Na kwa mshahara wangu wanakata asilimia 2.75 kila mwezi. Siku ya kukata, hiyo sistimu haijawahi kuwa chini.

Chapa Kazi:
Wakenya lazima mtushinde kila kitu, hata shida?

Mama Wawili:
Haya mambo ya vidole yasikieni kwangu. Mama mkwe wangu laini yake ilifungwa 2020, ule usajili wa alama za vidole, kisa mashine haimsomi. Tukasajili kwa jina langu. Akikopa kwenye simu, nadaiwa mimi. Na anakopa!

Shangazi Mkali:
Mama Wawili fungua uzi wako, hiyo ni kesi kubwa kuliko ya huyu.

Mpemba Mtoro:
Vidole vikavu mashine haivisomi. Mama afute kwa kitambaa chenye majimaji kidogo, ajaribu tena. Bibi yangu tulimpaka tui la nazi, kikasoma.

Funguo za Kale:
Tui? Kwa bei hii ya nazi? Mimi nimeshahamia kwenye karanga.

Mama Wawili:
Samaki wa karanga! Mume wako anakula?

Kibuyu Kikavu:
Jamani, uzi wangu. Mtu kaambiwa umeviacha wapi.

Mpemba Mtoro:
Tumesikia mkuu, pole, mama si kalala? Funguo, usinunue zile zilizokwishafuliwa sokoni, tikisa kwanza usikie maji. Za Mafia ndio zina tui.

Shangazi Mkali:
Mpemba mzima unasifia nazi za Mafia? Kwenu wanajua?