Tupeane uzoefu: trekta likizama topeni, nyie mlilitoaje? (Mtwara na Lindi)

Wakuu wa kusini, mvua zimeshika na mabondeni watu wameshaanza kulima. Kuanzia Desemba mpaka Aprili lazima usikie trekta limezama mahali, iwe Kitere, Mahurunga, Njinjo au bonde la Lukuledi. Haya matrekta ya nguvu farasi 75 hadi 80 tuliyoyazoea yana uzito wa karibu tani tatu, plau bado hujalihesabu. Likivutwa vibaya linaua mtu, na hilo ndilo linalonifanya nianzishe uzi huu. Mliowahi kulichomoa, semeni mlifanyaje na mlikuwa na vifaa gani.

Naanza mimi. Ilikuwa Kitere, shamba la mpunga. Juu udongo umekauka, chini ni mfinyanzi mweusi ulioshiba maji. Tairi la nyuma la kulia likaanza kuzunguka bure. Dereva wetu, mzee wa Mikindani, akakanyaga klachi papo hapo. Vijana wakawa wanapiga kelele, "Mzee, kaza moto!" Akawajibu, "Wanangu, hapa tairi linachimba tu, haliendi popote." Akashuka, akainama kutazama tumbo la trekta. Lilikuwa bado halijalalia tope, kwa hiyo kazi ilikuwa ya majembe tu.

Tulifungua plau kwanza, maana lenyewe ni mamia ya kilo. Kisha tukachimba nyuma ya matairi, mteremko mrefu kurudi tulikotokea, kwa sababu ile ardhi ilishatubeba mara moja. Tukalaza vipande vya mnazi mkavu, juu yake mabua. Mzee akafunga difu (ili matairi yote mawili ya nyuma yazunguke pamoja) matairi yakiwa yametulia, akaweka rivasi, moto mdogo, klachi akaiachia taratibu. Likatoka bila kuvutwa. Zingatieni hapo kwenye difu: ukiifunga tairi moja likiwa linakimbia unaweza kuvunja meno ndani, na ikishafungwa usikate kona.

Karibuni.

MDAU WA MAHURUNGA: Mkuu umeeleza vizuri. Mimi nataka kulisema lile la kufunga gogo kwenye tairi la nyuma kwa cheni ili lipande juu yake. Huku bonde la Ruvuma vijana wanalipenda sana, na mimi nawaomba waliache. Nilishuhudia kwa jirani. Gogo lilipokwama kwenye tope tairi halikuweza kuzunguka tena, nguvu yote ya injini ikaanza kuinua kichwa cha trekta. Matairi ya mbele yakapanda juu. Dereva aliwahi klachi, pua ikarudi chini kwa kishindo. Angechelewa kidogo lingemlalia, maana trekta kupinduka kinyumenyume haichukui hata sekunde mbili. Ukiona pua inanyanyuka, kanyaga klachi, mengine baadaye.

KIJANA WA LINDI MJINI: Shikamooni wakubwa. Vipi kupunguza upepo kwenye matairi? Nimesikia inasaidia.

MWANZISHA UZI: Marahaba mdogo wangu. Inasaidia kiasi, tairi linapata upana wa kukanyaga. Ila uwe na pampu ya kurudishia kabla hujarudi kazini, na kama matairi yamejazwa maji kuongeza uzito, hiyo ni habari nyingine, muite fundi.

MKULIMA WA NJINJO, KILWA: La kwangu lilikuwa Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya. Tulidhani mvua zimekwisha, ikaja ile. Trekta likalala tumbo kabisa, eksel (mhimili wa matairi) ndani ya tope. Barabara ya Dar ikakatika pale Somanga, kwa hiyo winchi (mashine ya kuvutia kwa waya) tuliyokuwa tunaisubiri haikufika. Maji ya bonde yalipopungua tukatafuta trekta la pili. Ugomvi ukawa pa kufunga cheni. Mwenye trekta la kuvuta alitaka ifungwe kwenye toplinki, kile kiungo cha juu nyuma ya trekta, kwa sababu panafikika kirahisi. Kaka yangu alikataa katakata, na alikuwa sahihi: ukivuta kutoka juu ya eksel, trekta linalovuta ndilo linapinduka. Ikafungwa kwenye drobaa, kile chuma cha kuvutia kilicho chini nyuma ya trekta. Kabla ya kuvuta tulichimba mpaka chini ya tumbo na kufungua mfereji maji yatoke, kwa sababu tope lile linanyonya. Watu wote tuliwasogeza mbali kuliko urefu wa cheni, watoto wakapelekwa nyumbani. Kuvuta kwenyewe kulikuwa polepole, cheni ikakazwa kwanza ndipo moto ukaongezwa. Na jamani, kamba za nailoni zile zinazovutika msizitumie kwa kushtua. Ikikatika, ndoano inaruka na kumpiga mtu.

MAMA MWENYE SHAMBA, MTAMA: Na mimi niseme kwa upande wa wenye mashamba. Walikuja kuniomba wafunge winchi ya mkono kwenye mkorosho wangu. Nikawakatalia. Huo mti ndio ada ya wanangu, ukichunwa gome au ukitikiswa mizizi nani atanilipa? Hawakukasirika. Walichimba handaki mahali pakavu, wakazika gogo zito likiwa limelala kukingama njia ya kuvuta, wakafunga waya katikati ya gogo na kushindilia udongo. Lilishika vizuri tu. Kwa hiyo msiseme hakuna njia bila mikorosho ya watu.

DEREVA WA NACHINGWEA: Hoja ya mama ni nzuri, ila bora trekta lisizame kabisa. Mimi kabla sijaingiza trekta bondeni natembea kwa miguu na fimbo ndefu, nachoma kila hatua chache. Fimbo ikizama bila kusukumwa, hapo siingii, hata mwenye shamba anune.

FUNDI WA MASASI: Mmesahau kitu. Likishatoka msirudi kulima siku hiyo hiyo. Chomoa dipstiki ya giaboksi. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, imwagwe yote. Piga grisi mpya mpaka ile yenye tope itoke kwenye viungo vya mbele. Osha rejeta, maana majani na matope yakikaukia pale injini inachemka. Breki zijaribiwe mahali tambarare kabla ya kupanda barabarani, hasa mkiwa na tela. Mwenye trekta lililozama karibuni na hajui aanzie wapi, aeleze hapa oili yake ina rangi gani.