Naomba ushauri: nampeleka mama Chichén Itzá na kwenye senote, ila magoti yanamsumbua

BintiMakorora

Wakuu habari za leo, na wakubwa zangu shikamooni.

Naishi Houston mwaka wa tisa sasa. Mama yupo kwangu tangu Septemba, na kabla hajarudi Tanga nataka tuende naye Yucatán, Meksiko, siku tano mwishoni mwa Novemba. Mama alifundisha historia sekondari miaka 31. Kwenye kabati lake la nguo, upande wa ndani wa mlango, kabandika picha ya piramidi ya Chichén Itzá, mji wa kale wa Wamaya, wenyeji wa huko, aliyoikata gazetini mimi nikiwa darasa la pili. Kila ukifungua kuchukua khanga unakutana nayo. Kwa hiyo naomba mnielewe, hii si safari ya kupiga picha tu. Nataka akaione kwa macho yake, na aione vizuri.

Tutakuwa watatu: mimi, mama (miaka 68, ngazi anapanda taratibu huku ameshika reli) na mwanangu wa miaka tisa, ambaye kuogelea ndiyo kwanza anajifunza. Tunashukia Cancún.

Matangazo ya safari za siku moja yote yanafanana: Chichén Itzá, senote (shimo la maji la asili) ya kuogelea, chakula cha mchana, mji wa Valladolid, kurudi. Kuna mabasi ya watu 50 kwa bei nafuu, na kuna vikundi vidogo vya watu 8 hadi 12 ambavyo bei yake ni zaidi ya mara mbili. Je, hiyo tofauti ina maana? Senote mama ataziweza? Na sisi nguruwe hatuli, tutakula nini huko?

---

Kobe_Mwendo

Dada, nilikwenda na basi kubwa mwaka juzi, mimi na mke wangu. Nikueleze siku ilivyokwenda, uamuzi utabaki kwako.

Tulichukuliwa hotelini saa moja asubuhi. Basi likazunguka hoteli nyingine nne kusubiri watu. Barabarani likasimama kwenye duka la vinyago, dakika arobaini, na hakuna aliyetaka kununua. Tukafika Chichén Itzá jua la utosi. Pale mbele ya piramidi hakuna kivuli hata cha kuweka mtoto. Mwongoza watalii alikuwa anasema kwa lugha mbili kwa kupokezana, sisi tuko nyuma kabisa ya kundi tunasikia nusu. Maelezo yakaisha, tukapewa saa moja ya kuzunguka wenyewe. Senote tukapewa dakika arobaini na tano, humo humo kubadili nguo, kupanga foleni ya bafu na kupanga foleni ya jaketi la kuokolea. Nadhani majini tulikaa dakika kumi na tano. Na kiingilio tulidaiwa tukiwa tayari ndani ya basi, kumbe bei ya tangazo haikukihesabu.

Kwa mzee wa miaka 68 nisingethubutu. Ukiwapigia, usiwaulize tunaona vitu vingapi. Waulize tunafika getini saa ngapi, na tunakaa pale saa ngapi.

---

Nahodha_Mstaafu

Marahaba mwanangu.

Kobe kasema kweli kuhusu saa, naongezea moja ambalo wengi hawalijui. Cancún ipo jimbo la Quintana Roo, Chichén Itzá ipo jimbo la Yucatán, na saa za majimbo hayo hazilingani. Yucatán iko nyuma kwa saa moja. Ukiondoka Cancún saa kumi na mbili asubuhi, ukaendesha saa mbili na nusu, unafika huko saa yao ni moja na nusu, geti linafunguliwa saa mbili kamili. Hapo umewatangulia watu wa mabasi, ambao huanza kumiminika kuanzia saa nne na kitu. Tatizo ni kurudi, maana saa ile uliyopewa asubuhi inachukuliwa jioni. Ukiwa na ndege siku hiyo hiyo utalia.

Mimi ningelala Valladolid usiku mmoja. Toka hapo hadi Chichén Itzá hata saa nzima haifiki, na vipo vikundi vidogo vinavyoanzia hapo hapo mjini. Mama ataamka, atakunywa chai yake bila haraka, na bado atakuwa miongoni mwa watu wa mwanzo getini. Jumapili epukeni, siku hiyo raia wa Meksiko wanaingia bila kulipa kiingilio cha serikali kuu, uwanja unafurika.

Kuhusu magoti, Chichén Itzá yenyewe isikutishe. Kuipanda piramidi kulishapigwa marufuku miaka mingi, kwa hiyo mama hatakosa kitu ambacho wengine wanapata. Uwanja ni tambarare, vumbi na nyasi. Kinachochosha ni jua na umbali: uwanja wa kale wa mpira wa Wamaya peke yake una urefu wa mita 168. Beba mwavuli, kofia, maji, na kile kigoda cha kukunja.

Piramidi ina ngazi 91 kila upande, pande nne, ukijumlisha na ile ya juu ya hekalu unapata 365, siku za mwaka. Mwambie mama asimame mbele ya ngazi apige kofi moja kwa nguvu. Mwangwi unaorudi si wa kofi, ni kama mlio wa ndege. Ila kivuli cha nyoka anayeshuka ngazini, kile kinachosifiwa sana, huonekana Machi na Septemba, usiku na mchana vikilingana. Novemba msije mkauziwa hicho.

---

chumvi_ya_bahari

Shikamoo Nahodha. Dada, mimi nikueleze senote, maana hapo ndipo utakapokosea ukichagua kwa picha.

Rasi yote ile ni mwamba wa chokaa, na upande huo wa kaskazini mito ya juu ya ardhi hakuna. Mvua ikinyesha inazama, maji yanatembea chini kwenye mapango. Paa la pango likichoka linaporomoka, hapo ndipo senote inapozaliwa. Neno lenyewe Wahispania walilichukua kwa Wamaya, wao husema ts'onot. Kama umewahi kuingia pango la Kuza kule Jambiani, Unguja, ukaona yale maji ya buluu chini ya jiwe, basi umeshapata picha. Tofauti ni ukubwa: mwaka 2018 wazamiaji waligundua kwamba mapango mawili ya maji karibu na Tulum yameungana, na urefu wake ukafika kilomita 347.

Sasa, zipo za aina tofauti, na kwa mama aina ndiyo kila kitu. Ik Kil, inayopachikwa kwenye safari nyingi za Chichén Itzá, ni shimo la duara lenye mizizi inayoning'inia kama kamba. Inapendeza mno. Lakini maji yako mita 26 hivi chini ya usawa wa ardhi, ngazi ni za mawe, zimelowa, na kila aliyeshuka lazima apande. X'kekén na Samulá, karibu na Valladolid, zimo pangoni, nazo ni ngazi. Ile ya Chichén Itzá yenyewe, Senote Takatifu, haiogelewi. Ni ya kutazama, humo Wamaya walitupa dhahabu, jade na watu kama sadaka kwa mungu wa mvua.

Kwa mama yako na huyo mtoto ningetafuta senote ya wazi, isiyo na shimo la kushuka. Ipo Cenote Azul, kusini ya Playa del Carmen, ina sehemu za maji mafupi unayoingia kwa miguu kama unaingia mtoni. Haipo njia moja na Chichén Itzá, kwa hiyo itahitaji siku yake. Na iwe hivyo. Mbona mna siku tano!

---

MamaWawili_Toronto

Nije kwenye chakula, na hapa naomba uwe makini dada yangu. Chakula cha fahari cha Yucatán ni cochinita pibil, nyama iliyopakwa achiote (kiungo chekundu cha mbegu) na maji ya machungwa machachu, ikafungwa kwenye majani ya mgomba na kuokwa ardhini. Inanukia kiasi kwamba utataka kuomba sahani ya pili. Ni nguruwe. Wanacho cha kuku kilichopikwa vile vile, kinaitwa pollo pibil, na supu ya ndimu, sopa de lima, kwa kawaida ni ya kuku. Bata mzinga nao wanampika sana.

Mtego uko kwenye maharage. Mara nyingi yanakaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na huwezi kuyaona. Sema "sin cerdo, sin manteca", bila nguruwe, bila mafuta yake. Kikundi kidogo kina faida hapa: unamwandikia mwenye safari siku mbili kabla, naye anaongea na jikoni. Kwenye bufee ya watu mia mbili utamwambia nani?

Jingine, msijipake mafuta ya jua kabla ya senote. Mtaoshwa kwanza kwenye bafu, ni sharti, na wana haki, maji yale yameungana chini kwa chini na visima vyao. Mvalishe mtoto fulana ya mikono mirefu badala yake. Maji ni ya baridi kidogo, kama nyuzi 24 au 25. Jaketi la kuokolea avae tangu juu, asivalie majini.

---

Ramani_Mkononi

Mbona mnamfanya alipe pesa nyingi? Mabasi ya ADO yapo, safi, yanafika Valladolid na Chichén Itzá. Na treni mpya, Tren Maya, imeanza tangu Desemba 2023, ina stesheni huko kote. Mwongozaji unampata getini.

---

Nahodha_Mstaafu

Ramani, kwa kijana mwenye begi moja uko sahihi kabisa. Lakini huyu ana mzee na mtoto, na stesheni zile nyingi ziko nje ya mji, utatafuta tena teksi. Halafu soma vizuri alichoandika: mama ni mwalimu wa historia. Anachohitaji ni mtu wa kuulizana naye. Mtafutie mwongozaji mwenye kitambulisho cha wizara ya utalii, na kama ni Mmaya mwenyewe ndiyo bora zaidi. Watu husema "Wamaya waliotoweka" na mimi huwa nakasirika. Kimaya cha Yucatán kinazungumzwa na watu zaidi ya laki saba leo hii.

Na viza usisahau. Mwenye viza hai ya Marekani anaingia Meksiko bila viza nyingine, ila hakikisha ya mama ni ya kuingia mara nyingi, asije akashindwa kurudi kwako.

---

BintiMakorora

Wakuu, tumerudi juzi. Asanteni sana.

Tulilala Valladolid, tukachukua kikundi kidogo, tulikuwa watu tisa. Getini saa mbili na dakika tano. Mwongozaji alikuwa baba wa makamo, Kimaya ndiyo lugha ya mama yake. Mama alimuuliza maswali mpaka nikaanza kuwaonea huruma wenzetu, kumbe nao wamesogea wanasikiliza. Alipopiga kofi na mwangwi ukarudi, alinishika mkono akanyamaza. Kisha akapiga tena.

Baadaye akataka kuzunguka nyuma ya piramidi. Kumbe pande mbili ndizo zilizokarabatiwa vizuri, nyingine zimebaki na mawe yaliyobomoka. Akakaa kwenye kigoda chake, Nahodha, kile ulichosema, akazitazama muda mrefu. Akasema, "Gazetini hawakuonyesha huku."

Ik Kil tuliikataa, wenzetu wakashuka, sisi tukabaki juu na mwongozaji. Cenote Azul tulikwenda siku ya pili. Mama alikunja khanga akaingiza miguu, samaki wadogo wakaja kumdonoa vidole, na mwanangu akaelea chali na jaketi lake, kwa mara ya kwanza bila kunishika.

MamaWawili, maharage niliuliza. Yalikuwa na manteca. Tulikula pollo pibil siku tatu mfululizo, na mama ameondoka na mbegu za achiote kwenye begi.