RAV4 Kilitime ya oto inagonga gia: nifungue giaboksi au ninunue ya mtumba?

Mkazi wa Sakina
Wakuu, shikamooni. RAV4 yangu ya 2002 ikiingia gia ya pili inapiga kishindo hadi watoto wanashtuka. Fundi wa Unga Limited anasema tufungue, mwingine anasema niagize ya mtumba Dar. Ijumaa nina safari ya Rombo. Nichukue ipi?

Fundi Pasua
Kaka, hujasema kitu bado. Inagonga ikiwa ya baridi au ikishachemka? Taa ya injini je? Resi inapanda gari haivuti, au inagonga tu? Futa stiki ya oili ya giaboksi kwa tishu nyeupe. Nyekundu ni nzima, nyeusi yenye harufu ya kuungua ni klachi zimekwisha.

Mama Njiro
Weka oili mpya kwanza. Yangu ilipona.

Njiapanda Himo
Oili gani, mama? Hiyo inataka Type T-IV, oili ya giaboksi za oto za Toyota. Na ukifungua nati ya chini inatoka kama nusu tu, nyingine inabaki kwenye toku konveta, ile inayounganisha injini na giaboksi.

Mwana Kibosho
Nisikilize, ndugu. Yangu ilikuwa hivyohivyo. Nikauza ng'ombe, nikanunua giaboksi ya mtumba, ikafungwa siku mbili. Kupanda Kibosho mara ya kwanza, kishindo kilekile. Fundi akasema nimeuziwa mbovu, tukashusha tena. Kumbe kontroli boksi, kompyuta inayoongoza injini na gia! Ile michomeleo yake ya risasi ndani inachanika, inatuma amri mbaya kwa solenoidi, vile vali vya umeme vya kubadilisha gia. Marekani Toyota waliongeza dhamana ya kontroli boksi za RAV4 za 2001 hadi 2003 kwa tatizo hilihili. Nilipobadilisha ikatulia. Giaboksi yangu ya zamani, nzima kabisa, nilishaiuza chuma chakavu.

Mkazi wa Sakina
Taa inawaka tangu Mei. Stiki nimepima injini imezimwa, oili imezidi.

Fundi Pasua
Tangu Mei! Toyota hiyo pima imechemka, injini inaunguruma, pitisha gia zote urudi P. Kisha kapime kwa mashine ya kusoma kodi za hitilafu. Ikitoka kodi P0755 ni upande wa solenoidi B: waya, solenoidi yenyewe au kontroli boksi. Usishushe kitu kabla.

Njiapanda Himo
Ila Honda unazima ndipo unapima.

Mama Njiro
Honda yangu napima ikiwa inawaka, miaka sita sasa.

Njiapanda Himo
Basi unasoma pungufu, mama. Zima, chomoa stiki ndani ya dakika moja na nusu.

Mwana Kibosho
Sakina, Rombo panda basi.