ATM ya maziwa usiku iko sawa, mchana haikai baridi. Nimruhusu fundi aongeze gasi tena?

MaziwaMtwapa
Asalam aleikum na habari zenu nyote. Naombeni msaada kwa wanaojua hizi mashine maana maziwa yaniharibikia na hii ndio biashara yangu. Nina ATM ya maziwa, ile mashine inayoweka maziwa baridi na kummiminia mteja, ya lita 100 hapa Mtwapa, duka la mabati. Asubuhi nikifungua skrini yaonyesha digrii 4, maziwa yamepoa vizuri, mpaka saa nne saa tano hivi hakuna shida. Ikifika saa saba saa nane namba yaanza kupanda, 6, mara 8, juzi imefika 11, na kompresa, ile pampu ya gasi, yanguruma tu haipumziki hata kidogo, ukiigusa wautoa mkono mara moja. Halafu magharibi ikiingia jua likapungua yashuka yenyewe polepole na asubuhi iko 4 tena.

Fundi alikuja akasema gasi imepungua, akaongeza hapo hapo bila kupima chochote, ikawa nafuu kidogo halafu ikarudi pale pale. Sasa ule mrija mnene unaorudi kwa kompresa watoa jasho mchana kutwa na asubuhi wafanya barafu kabisa, zamani haukua hivyo. Ataka kurudi kuongeza gasi tena na asema ikishindikana tununue kompresa mpya. Nimruhusu? Maziwa naletewa yamepita kiwandani, kopo la kwanza alfajiri na la pili saa saba mchana.

FundiBaridi_Kisauni
Waaleikum salaam dada. Usimruhusu aongeze gasi, tafadhali sana, kabla hajaeleza ile ya kwanza ilienda wapi. Friji haili gasi. Gasi iliyotiwa kiwandani yazunguka humo humo miaka na miaka, ikipungua maana yake kuna tundu, na tundu latafutwa na kuzibwa kwanza ndio gasi itiwe, kwa mizani, sio kwa kukisia.

Tena dalili zako sio za gasi kupungua. Ingekua imepungua ule mrija mnene ungekua mkavu na wa vuguvugu, ile koili ya nyuma ingekua haina moto wa maana, na usiku pia ungeteseka, kila siku afadhali ya jana. Wewe usiku yarudi 4 vizuri na mrija wafanya barafu mpaka kwa kompresa, hio ni gasi iliyozidi. Yarudi ikiwa bado maji maji, na kompresa imeundwa kusukuma hewa, maji yanavunja valvu zake. Kwa hivyo akiongeza tena hio kompresa mpya utainunua kweli.

Sasa tatizo la mwanzo ni nini. Mashine kazi yake ni kuchukua joto la maziwa na kulitupa nje kupitia kondensa, ile koili yenye mapezi membamba chini au nyuma, na feni ndio yapuliza lile joto liondoke. Usiku hewa ya duka imepoa hata kondensa mbovu inajikokota ikafika. Mchana chini ya mabati hewa yenyewe ni ya moto, joto halina pa kwenda, presha yapanda, kompresa yachemka na maziwa hayapoi. Kitu kinachokubali usiku na kukataa mchana mimi naanzia kondensa na feni yake, kila mara.

Fanya hivi leo saa nane, usifanye asubuhi, asubuhi kila kitu chaonekana kizima. Fungua kile kifuniko cha chini utazame feni. Yazunguka kwa nguvu au yajivuta? Shika kipande cha gazeti karibu na kondensa upande ule hewa inapoingia, chatakiwa kivutwe kibakie pale. Halafu chomoa plagi kabisa, izungushe kwa kidole, iende laini na iendelee kidogo yenyewe. Angalia pia mapezi, kwetu huku pwani chumvi ya hewa yaila alumini mpaka inakua unga, na juu yake kuna vumbi na unyoya wa nguo. Na utusomee kibandiko kilicho karibu na kompresa, gasi gani na gramu ngapi.

MaziwaMtwapa
Shukran sana fundi. Kibandiko chasema R134a gramu 280. Nimetazama saa nane kama ulivyosema, feni yazunguka lakini naona kabisa waweza kuhesabu mapanga yake, gazeti halivutwi, laanguka. Nilipochomoa na kuizungusha ni nzito, yasimama hapo hapo. Asubuhi yake ilikua yavuma vizuri tu. Mapezi yana vumbi kama godoro na mashine imegusana na ukuta kwa nyuma, ndivyo alivyoiweka aliyeniuzia.

FundiBaridi_Kisauni
Basi hio ni bushi ya mota ya feni, kile kibomba kifupi ambamo ekseli yazungukia. Hizi mota ndogo nyingi hazina beringi, zina bushi na mafuta kidogo, mafuta yakikauka inazunguka ikiwa baridi, ikipata moto inabana. Ndio maana fundi anayekuja asubuhi haoni kitu. Badilisha mota nzima, usiitie mafuta ya kupikia wala ya cherehani, itakupa wiki halafu irudi. Ukienda kununua beba ile ya zamani, ulinganishe wati zilizoandikwa na upande ambao mapanga yazungukia, maana mota ikizungukia upande mwengine hewa yapulizwa kinyume na mashine yateseka vile vile na feni yavuma.

Vumbi piga mswaki laini kufuata mapezi, usikate kwa pembeni yatalala. Mashine isogeze mbele sentimita 15 hivi kutoka ukutani. Feni ikishakua nzima ndio tushughulike na gasi, ile yote itolewe iingie kwenye chupa yake, mashine ivutwe hewa kwa pampu ya vakyumu, kichujio kibadilishwe, itiwe 280 kwa mizani. R134a kwa joto la Mtwapa upande wa presha kubwa yafaa icheze psi 150 mpaka 180 hivi kwa geji, ukiona 250 ujue joto halitoki. Na mwambie fundi yeyote asichanganye gasi nyingine. Wenye mashine za R600a, gasi nyingine ya friji, wanaosoma hapa, hio inashika moto, msikubali mtu aje na tochi ya kuchomelea kabla haijatolewa yote na milango iko wazi.

MkuuWaSoda_Dar
Wakuu habari. Mimi nina mashine mbili za soda na maji, zile za kioo mbele, zipo chuoni. Fundi kamaliza kila kitu ila naongeza la umeme maana mimi ndilo lililonisumbua. Dada pima volti kwenye soketi hiyo hiyo KOMPRESA IKIWA INAFANYA KAZI, sio ikiwa imezima, ikizima utaona 230 au 240 nzuri tu na moyo unatulia. Kwangu ikianza kuvuta ilikuwa inashuka mpaka 190 na kitu kwa sababu mwenye jengo kavuta waya mwembamba wa ekstensheni kutoka chumba cha tatu. Volti ikishuka kompresa inavuta ampea nyingi, inachemka, ile ovalodi, swichi inayoikinga, inaikata, unasikia kitu "tak", baada ya dakika kadhaa tena "tak". Ukisikia hivyo usikimbilie kulaumu gasi. Na umeme ukikatika na kurudi papo hapo usiruhusu iwake muda huohuo, subiri dakika tano presha zisawazike, weka kile kifaa cha kuchelewesha kinachouzwa maduka ya umeme.

Kwa wenye mashine za kioo kama mimi, dalili ya "haikai baridi" inaweza kuwa kitu kingine kabisa. Zetu zina koili ndani na feni ya ndani, mpira wa mlango ukichoka hewa yenye unyevu inaingia, barafu inaziba koili, hewa haipiti, soda za juu zinakuwa vuguvugu wakati nyuma kumejaa barafu. Weka noti kwenye mlango ufunge uivute, ikitoka bila kushikwa mpira umekwisha. Ya maziwa haina hiyo, koili yake imezungushwa kwenye tangi.

Mfugaji_Nakuru
Nimesoma yote, mafundi wamesema vizuri, mimi nataka kuongelea maziwa yenyewe kwa sababu hapo ndio watu wanaumia. Mama, hio kopo ya saa saba inafika ikiwa na digrii ngapi? Hizi ATM zimetengenezwa kushikilia ubaridi, sio kupoza maziwa ya moto. Piga hesabu, lita 100 za digrii 30 kuzishusha mpaka 4 ni kama megajuli 10 za joto, na mashine ndogo inayotoa wati 400 itachukua karibu masaa saba, ikiwa nzima na feni nzima. Hata kama unaongeza lita 40 pekee, zikija na digrii 20 saa ile ya jua kali lazima namba ipande. Mwambie anayekuletea ayapoze mpaka 4 huko kwake na ayabebe kwa kopo la chuma lililofunikwa, sio mtungi wa plastiki juu ya pikipiki juani. Ikifika juu ya 7 mimi narudisha, na simwoni mtu vibaya, ni biashara.

Pili usiamini skrini peke yake. Sensa iko kwa ukuta wa tangi, na kile kikorogeo cha ndani kikisimama maziwa ya pembeni yanakuwa 4 na ya katikati juu yanakuwa 9, skrini inakwambia uko sawa. Nunua kipimajoto cha mkono. Kikombe cha kwanza mwaga kando kwa sababu hayo yalikuwa yamelala kwa mrija nje ya baridi, pima cha pili.

Na hayo yaliyofika 11, kama yamekaa hivyo masaa usiuzie mtu kama maziwa mazima ya mtoto. Chemsha kidogo kwa sufuria, yakikatika usiuze. Na usimimine mapya juu ya yaliyobaki, yale ya zamani yataharibu yote, maliza, osha tangi na mirija, ndio ujaze.

MaziwaMtwapa
Alhamdulilahi, narudi kuwapa majibu. Fundi mwengine alikuja na mizani na pampu, akabadilisha mota ya feni, akatoa gasi, ilikua imezidi kweli, akatia 280. Mrija haufanyi barafu tena. Volti kwangu ni 232 kompresa ikivuta, hapo hakuna neno. Mashine nimeivuta mbele na juu ya mabati nimeezeka makuti, duka lenyewe limepoa hata wateja wakaa wakizungumza. Jana saa nane kikombe cha pili kilikua 5 na kompresa yapumzika yenyewe. Bei ya mota haikufika hata robo ya ile kompresa niliyoambiwa ninunue.

Shida iliyobaki ni ya @Mfugaji_Nakuru, maziwa ya saa saba nimeyapima yafika na 13. Nimemwambia muuzaji na asema gari lake halina friji. Nifanyeje?

Mfugaji_Nakuru
13 ni nyingi sana. Mwombe alete yote alfajiri, halafu utafute friza hata ya mitumba uweke hilo kopo la pili kwa maji ya barafu mpaka shingoni, ukiyakoroga kila mara, ikifika 4, na tangi limeisha na kuoshwa, ndio umimine. Friza kavu pekee inachelewa, maji ya barafu ndio yanavuta joto haraka. Akikataa alfajiri niandikie hapa, kuna vikundi vya wafugaji upande wa Kilifi tutaulizia mwenye tangi la kupozea.